Mlango wa Nyuma, Upande wa Kushoto

Rukia alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa jikoni kwangu Ruiru nachagua maharagwe. "Nyambura, mama ametutoka," akasema. "Tulimzika jana alasiri. Namba yako nimeipata leo tu, nisamehe dada." Bi. Zuhura alikuwa amefikia umri ambao habari kama hiyo haimshtui mtu, lakini niliketi na kukaa vile vile, ungo mapajani, mpaka maharagwe yakaanza kumwagika sakafuni. Kesho yake nilikuwa Tassia, napanda ngazi za ghorofa moja ndefu nyembamba, nikisimama kila kona kuyapumzisha magoti. Mlango wa nyumba ya tatu juu ulikuwa wazi, na nje yake kulikuwa na viatu vya wanawake vingi kiasi kwamba nilivua vyangu nikavishika mkononi.

Sebuleni walikuwa wametoa makochi yote na kutandika mikeka. Wanawake walikuwa wameegemea kuta, wengine wakisoma, wengine wakinong'ona, na kutoka jikoni ilikuja harufu ya iliki na nyama. Rukia aliinuka akanijia. Ameota mvi na amenenepa, lakini ule mwanya wa meno ya mbele ni ule ule. Tulikumbatiana muda mrefu, kisha akanivuta tukaketi bega kwa bega karibu na dirisha. Nilidhani ataniambia habari za ugonjwa wa mama yake, siku zake za mwisho, yale ambayo watu huelezana matangani. Badala yake akaniuliza, "Unalikumbuka lile gari la baba?" Nikamwambia nalikumbuka. Sikumwambia kwamba kwa miaka yote hii, kila nikilikumbuka gari lile, naona haya.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, na miaka ya sabini ilikuwa inakaribia kwisha. Nilikuwa nimeitwa chuo cha uuguzi, lakini nafasi yangu ilikuwa ya mwaka unaofuata, kwa hiyo nikatafuta kazi ya kusubiria. Niliipata Industrial Area, katika kiwanda cha nguo, nikishona kola za mashati ambayo sikuwahi kuyaona yakiwa mazima. Kitanda nilikipata mtaa wa Jericho, katika nyumba ya baraza la mji aliyokuwa akikaa Mzee Athumani na mkewe Bi. Zuhura. Nililala chumba kimoja na binti yao Rukia, tuliyelingana naye umri. Ilikuwa nyumba ndogo, sebule, vyumba viwili vya kulala na jiko, na ukuta kati yetu na wazazi wake ulikuwa mwembamba hivi kwamba tulijua Mzee akigeuka kitandani. Dirisha la jikoni lilikuwa hatua mbili kutoka dirisha letu. Mtu aliyekaa kitandani kwangu alisikia kila kitu kilichosemwa juu ya sufuria, atake asitake, na mwaka ule nilijifunza mengi kwa kukaa kitandani.

Mimi nilikuwa msichana wa Kanisa na githeri, wao ni Waislamu wa asili ya pwani. Wiki ya kwanza sikujua hata kusalimia. Kwetu hatusemi shikamoo. Niliposema "Habari ya asubuhi, Mzee," Rukia alinifinya pajani chini ya meza. Bi. Zuhura alinifundisha pole pole, pamoja na mengine. Jumamosi asubuhi alikaanga mahamri, na mbaazi za nazi zilikuwa zimelala jikoni tangu jana yake zikikolea. Siku moja nilipika githeri langu la mahindi na maharagwe nikiwa na hamu ya kwetu. Alionja kijiko kimoja, akatafuna kwa heshima muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hili ni chakula au mmepewa adhabu?" Akachukua sufuria, akaongeza tui la nazi na pilipili, na sote tukala mpaka likaisha. Sijawahi kumwambia mama yangu kwamba lilikuwa tamu zaidi.

Mzee Athumani alikuwa amemwendesha mkubwa mmoja wa kampuni mjini kwa miaka mingi. Alipostaafu alilinunua gari lile lile alilokuwa akiliendesha: gari dogo la milango minne, buluu iliyokolea kama wino wa shule, lenye mistari ya kromu iliyong'ara ubavuni. Lilikaa mbele ya nyumba, chini ya dirisha la sebule, na majirani walielekezana njia kwa hilo: pita gari la Athumani, geuka kulia. Muda mfupi kabla sijahamia, ugonjwa wa kupooza ulimpiga upande wa kulia. Mkono wa kulia ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine, mguu uliburuta, na mdomo ulivutwa upande mmoja hivi kwamba maneno yalitoka yamechelewa na yamelowa. Alikuwa mtu nadhifu sana. Tangu siku aliyorudishwa kutoka hospitali alikataa kuvuka kizingiti mchana, isipokuwa kwenda kliniki, na hata siku hiyo aliufunika mdomo kwa leso. Wazee wenzake walipokuja kumjulia hali alijifanya amelala.

Lakini Jumamosi alikaa dirishani, kwa sababu Jumamosi gari lilioshwa. Kabla ya ugonjwa hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuligusa. Sasa kazi ilikuwa ya Bi. Zuhura, na mgongo ulipoanza kumsumbua ikawa yangu, kwa sababu Rukia alikuwa akifanya kazi dukani Jumamosi mimi nikiwa nyumbani. Mzee alisimamia kwa fimbo. Akigonga kioo mara moja, simama. Mara mbili, endelea. Akigonga mfululizo, umeharibu. Nilichukia fimbo ile mwezi wa kwanza. Nilikuwa nimetoka kuinamia cherehani siku tano, na sasa nagongewa kioo kama mbuzi anayefukuzwa shambani. Bi. Zuhura alinipa sheria zote kwa niaba yake. Uanze mapema, gari likiwa bado kivulini, maana jua hukausha sabuni juu ya rangi na kuacha madoa. Kwanza maji matupu, mengi, yaondoe vumbi. Ukisugua kabla ya hapo unalisugua vumbi lenyewe, na vumbi letu lilikuwa na masizi ya viwandani na unga wa chuma wa reli. Ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa, na mchanga ubaki chini ya ile ya pili. Sabuni laini ya maji, kidogo tu. Sabuni ya mche hula nta. Anzia juu ya paa, teremka. Magurudumu ya mwisho, na kitambaa chake peke yake, kisigeuke kikapanda juu. Kausha kwa ngozi laini iliyolowekwa na kukamuliwa. Na mara moja kwa mwezi, nta.

Nta ndiyo iliyonibadilisha mawazo. Ilikuwa kwenye kopo bapa, ngumu, na ilinukia kitu kati ya viatu vipya na ndizi. Unapaka utando mwembamba, unasubiri mpaka ufanye ukungu, kisha unaufuta kwa fulana kuukuu ya pamba isiyo na kifungo. Mara ya kwanza nilipomaliza boneti na kusimama wima, niliona uso wangu mle ndani, na nyuma ya uso wangu nyumba za Jericho na mawingu. Bi. Zuhura alimwagia kikombe cha maji. Yakakusanyika matone matone yaliyosimama, yakakimbia yote kwa mkupuo na kuacha pakavu. Nikatazama dirishani. Fimbo haikugonga. Mzee aliinua kidole kimoja cha mkono wa kushoto, akakishusha.

Mwezi wa Septemba Rukia alichumbiwa na Hamisi, kijana fundi wa redio kutoka Pumwani, na harusi ikapangwa mwisho wa Novemba. Nyumba ikajaa mashangazi. Katika mambo yote yaliyojadiliwa kwenye mikeka ile, moja halikujadiliwa: baada ya kuozeshwa, Rukia angepelekwa kwa mumewe ndani ya gari la baba yake. Mzee hangeweza kuliendesha, lakini jirani yetu Njoroge, dereva wa gari la mkate, mtu pekee aliyewahi kukabidhiwa ufunguo, ndiye angeshika usukani. Bibi harusi angeketi nyuma, aingie kwa mlango wa upande wa kushoto. Nilimsikia Mzee akimwambia mkewe nyuma ya ukuta, neno kwa neno, akilivuta kila moja: "Mkono sina. Pesa sina. Gari ninalo." Bi. Zuhura alimjibu, "Unalo, baba. Na litang'ara."

Majuma matatu kabla ya harusi Njoroge alimpeleka Mzee kliniki. Barabara ilikuwa imetiwa lami mbichi, na gari likarudi na vidoa vyeusi ubavuni, vingi zaidi mlango wa nyuma wa kushoto. Jumamosi ile sote tulikuwa na haraka. Bi. Zuhura alikuwa ameenda sokoni, Rukia kazini, na mimi nilikuwa nimealikwa na wasichana wa kiwandani tukatembee mjini saa sita. Niliosha, nikafika kwenye lami, nikasugua kwa kitambaa, haikutoka. Nikasugua kwa ukucha. Mlango ule ulikuwa upande usioonekana kutoka dirishani. Nikaingia jikoni, nikachukua waya wa kusugulia sufuria, na lami ikatoka kama mchezo. Nilizungusha mkono nikaona rangi ya buluu imerudi, safi, imelowa, inameta. Nikajisifu. Nikamaliza mlango mzima.

Rangi ikiwa imelowa huficha kila kitu. Nilipopitisha ile ngozi ya kukaushia, mlango ukageuka kijivu. Nilidhani ni ukungu wa sabuni, nikamwagia maji, ukawa buluu tena. Nikakausha, ukawa kijivu. Mikwaruzo myembamba, maelfu, yote mviringo, ilifunika mlango kuanzia kitasa hadi chini kama utando wa buibui. Nilirudia maji mara nne, kama kwamba maji yangechoka na kuamua kubaki. Kisha nikafanya jambo ambalo nilipokuwa muuguzi niliwaona wanafunzi wangu wakilifanya, na nikawaelewa kuliko walivyodhani: nikarudisha waya mahali pake, nikasuuza ndoo, nikavaa gauni langu zuri na kwenda mjini.

Niliporudi jua lilikuwa limehamia upande ule. Mama yake Rukia alikuwa amesimama mbele ya mlango wa gari, mikono kichwani, na fimbo ilikuwa ikigonga kioo cha dirisha mfululizo, bila kupumzika. Mzee hakuwa ameuona mlango; alikuwa ameuona uso wa mkewe. "Watoto wa jirani!" Bi. Zuhura alinipokea. "Tazama, Nyambura! Wamesugua na mchanga! Mtoto wangu anaolewa na hawana hata huruma!" Nikatazama mlango nikatikisa kichwa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Alijifunga leso kiunoni akaelekea mlango wa pili, kwa mama mmoja mpole aliyekuwa na watoto watatu wadogo na aliyetuazima sufuria kila tulipopata wageni. Nilimsikia akibisha. Nilisikia yule mama akiitikia kwa furaha, "Karibu, karibu mama Rukia." Hapo ndipo miguu iliponitoa nilipokuwa.

"Ni mimi," nikasema. "Bi. Zuhura, si watoto. Ni mimi. Nimetumia waya wa sufuria."

Aligeuka akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu. Yule jirani alirudi ndani taratibu na kufunga mlango wake. Bi. Zuhura hakunipigia kelele. Alifungua leso kiunoni, akaikunja mara mbili, akaniambia kwa sauti ndogo, "Na ulikuwa umeniacha niende." Kisha akapita.

Siku tatu hatukuzungumza ila kwa salamu. Aliniwekea chakula, akakifunika sahani, akaenda kula na mumewe. Jumapili niliporudi kanisani niliketi kitandani, na kupitia dirisha la jikoni nikawasikia yeye na Rukia. "Mlango ule watu watautazama," Bi. Zuhura alisema. "Wale wa Pumwani wana macho." Rukia akajibu, "Basi nipande gari la kina Hamisi. Ami yake ana lile kubwa jeupe. Yaishe." "Baba yako umwambie wewe." "Siwezi, mama." Nikasikia mwiko ukikwangua sufuria. Nililala nikatazama ukuta. Nilianza kupanga maneno ya kuwaaga, nikatafute kitanda kwingine.

Jumamosi iliyofuata sikujua kama niguse ndoo. Nilikuwa nimesimama tu mbele ya nyumba niliposikia kitu kikiburuta sakafuni, kishindo, kimya, kuburuta tena. Mzee Athumani alitokea mlangoni. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia, ameegemea fimbo kwa kushoto, na Bi. Zuhura nyuma yake ameshika kigoda kwa mikono miwili na macho yamemtoka. Alivuka kizingiti. Leso haikuwa mdomoni. Mkono wake mmoja ulio mzima ulikuwa na kazi ya fimbo. Ilikuwa saa mbili asubuhi, watu wakiwa bombani na vibuyu na ndoo, na wote walimwona. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisimama akasema, "Athumani! Alhamdulillahi!" Mzee akaitikia kwa mdomo ule ule uliopinda, kwa sauti, bila kugeuza uso.

Aliketi mbele ya mlango ulioharibika akautazama muda mrefu. Kisha akaupapasa kwa ncha za vidole vya kushoto, amefumba macho.

"Ulitumia nini?"

"Waya wa sufuria, Mzee."

"Ulinyoosha au ulizungusha?"

"Nilizungusha."

"Lahaula," akasema. Nikaanza kulia. Akasubiri, kama alivyokuwa akisubiri nta ikauke. Niliponyamaza akasema, pole pole, kila neno likija kwa zamu yake, "Lami hutolewa na mafuta ya taa. Tone moja, kitambaa, unaliweka juu, unaliacha, linalainika lenyewe. Ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

"Mjini, Mzee."

"Mjini kulikuwa na nini?"

Nikafikiri. "Hakuna kitu."

Upande mmoja wa uso wake ukacheka. Alimtuma Njoroge akanunue dawa ya kusugulia rangi, uji mzito wa kahawia kwenye kopo, na akanifundisha. Kitambaa kiwe na unyevu. Dawa kidogo, kama ya kupaka mtoto mafuta. Sehemu ndogo kama kiganja, umalize, uhamie nyingine. Mstari ulionyooka, mbele na nyuma, na usikandamize. Kitambaa kikaanza kuwa cha buluu nikaogopa, lakini akasema ndivyo inavyopaswa: mkwaruzo hauzibwi, bali rangi iliyouzunguka ndiyo hushushwa mpaka ilingane nao, kwa hiyo kila ukisugua unatumia rangi ambayo haitarudi. "Rangi ni nyembamba kuliko unavyofikiri," alisema. Kwenye mikunjo ya bati, ambako ni nyembamba zaidi, alinikataza nisiguse kabisa. "Hapo pabaki na alama. Afadhali alama kuliko bati wazi, kutu ikaingia." Nilifanya kazi nimepiga magoti kwenye gunia, yeye kwenye kigoda, na kila baada ya dakika chache alinisimamisha akapapasa. Vidole vyake vilijua kabla macho yangu hayajaona. Tulifanya hivyo Jumamosi ile, na Jumapili mchana baada ya kanisa, na jioni za wiki iliyofuata kabla jua halijazama. Watu walianza kuja kuketi. Mwanzoni mzee wa baiskeli, kisha wengine wawili, wakaleta vigoda vyao na kahawa. Walizungumza siasa na mpira, na Mzee akajibu, akikwama, akirudia, na hakuna aliyemharakisha.

Siku moja ya wiki ile nilikuwa kitandani nikamsikia Bi. Zuhura jikoni akimwambia dada yake aliyekuja kutoka Mombasa, "Miezi sita nimemwomba huyu mtu atoke nje. Nimemletea madaktari, nimemletea masheikh. Ametolewa na msichana na waya wa sufuria." Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Usiku ule sahani yangu haikufunikwa. Iliwekwa mkekani pamoja na zao.

Siku ya harusi niliamka alfajiri nikaliosha gari peke yangu, Mzee kigodani akiwa na kanzu mpya. Mlango haukuwa kama zamani. Ukichuchumaa na jua likiwa upande, uliona bado duara chache hafifu, na kwenye mikunjo ile alama zilibaki. Lakini ukisimama wima kama watu wanavyosimama, ulijiona mle ndani. Niliupaka nta mara mbili. Alasiri, watu wakiwa wamejaa mpaka barabarani, vigelegele vimeanza, gari kubwa jeupe la ami yake Hamisi lilikuja taratibu na kusimama mbele ya letu. Rukia alitoka amefunikwa, mama yake na shangazi wamemshika, akapita karibu na mlango wangu wa buluu bila kuutazama, akaingia ndani ya lile jeupe. Nilihisi kama nimepigwa kofi mbele ya umati. Mzee aliingizwa kiti cha mbele cha gari lake, karibu na Njoroge. Mimi na shangazi mmoja tukaketi nyuma, mahali palipokuwa pa bibi harusi.

Januari nilienda chuoni. Nilirudi Jericho mara mbili au tatu, nikala mahamri, nikaosha gari na Mzee kigodani. Alifariki nikiwa nimepelekwa hospitali moja ya mbali kufanya mazoezi, na barua ya Rukia ikanifikia siku arobaini zimepita. Nimeolewa, nimezaa, nimeuguza watu zaidi ya miaka thelathini, wengi wao wenye upande mmoja uliolala. Na kila nilipomkumbuka Mzee Athumani niliona lile gari jeupe likisimama mbele, nikasema moyoni: hiyo ilikuwa zawadi yake ya mwisho kwa mtoto wake, na wewe uliiharibu ili uende mjini kutazama maduka.

Haya ndiyo niliyomwambia Rukia juzi, kule Tassia, karibu na dirisha. Nilimwambia kuhusu waya, ambao aliujua, na kuhusu yale niliyoyasikia kupitia dirisha la jikoni, ambayo hakujua kwamba niliyasikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kinywa wazi.

"Wewe!" akasema, na mwanamke mmoja aliyekuwa akisoma akatutupia jicho. Akashusha sauti. "Miaka yote hiyo umebeba hayo? Nyambura, mimi nilisema hivyo siku moja tu, kwa hasira, nimechoka na mashangazi. Baada ya kuwaona nyinyi wawili mmekaa pale nje na yale matambara, ningepanda gari la nani tena? Nilimwendea baba wiki ya harusi nikamwambia, baba, nitapanda lako. Yeye ndiye aliyekataa. Yeye ndiye aliyetuma watu kwa ami yake Hamisi walete lile jeupe."

"Kwa nini?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia, 'Ukikaa nyuma yangu nitakuonaje? Shingo hii haigeuki.'" Rukia alijifuta uso kwa upindo wa leso. "Alitaka niwe mbele yake. Lile jeupe lilikuwa na kioo kikubwa cha nyuma, na aliniagiza niketi katikati, nisiketi pembeni."

Chini barabarani mtu alikuwa akiuza machungwa kwa kipaza sauti. Nilijaribu kuiona tena safari ile, kutoka Jericho hadi Pumwani, nikiwa nyuma ya bega lake, na kwa mara ya kwanza nikaona alikokuwa akitazama.

"Alisema nini njiani?" Rukia akaniuliza. "Mama alikuwa na mimi. Shangazi amekufa, Njoroge amekufa. Umebaki wewe tu."

Nikamwambia. Hakusema mengi. Alimwambia Njoroge aende pole pole, asiache nafasi kubwa, asikaribie mno. Tulipoingia Jogoo Road lori la mchanga lilitaka kujipenyeza kati yetu na wao. Mzee alipiga kofi juu ya dashibodi kwa mkono wa kushoto. "Funga hapo! Asiingie mtu katikati!" Njoroge akasema, "Mzee, hilo ni lori." Na Mzee akasema, "Na liwe treni." Njoroge akafunga, lori likapiga honi nyuma yetu mpaka mzunguko wa barabara, na sisi tukacheka, tukidhani ni yale ya madereva wa zamani, kutotaka msafara wao ukatwe.

Rukia alikuwa ameufunika uso wote kwa leso, na mabega yalikuwa yakitikisika, kwa kilio au kicheko, sikuweza kujua. Akautafuta mkono wangu bila kutazama, akaushika.

"Sema tena," akasema. "Sema alivyosema yeye."

Nikasogea karibu na sikio lake, nikaliburuta kila neno kama alivyokuwa akiliburuta.

"Na liwe treni."